Picha ya Wasifu Inayofanana na Wewe: Mwongozo kwa Wafanyao Kazi za Mtandaoni Lamu

Mteja alinyamaza. Nikadhani intaneti imekatika, maana mtandao mtaani kwetu Langoni ulikuwa wa kusuasua tangu asubuhi. Lakini sura yake kwenye kioo cha kompyuta, maana tulikuwa tukizungumza kwa video, ilikuwa hai, na macho yake yalikuwa yanahama: mara kwangu, mara pembeni. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba pembeni alikuwa amefungua wasifu wangu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ningeweza kumwonyesha kitambulisho.

Picha iliyokuwa kwenye wasifu ilikuwa yangu. Niliipigwa kwenye harusi ya binti ya khala yangu, ndugu wa mama, miaka sita kabla ya mazungumzo yale. Nilikuwa nimepambwa, nyusi zimechongwa, na mpigapicha alikuwa ameilainisha ngozi mpaka kovu la tetekuwanga nililo nalo juu ya jicho la kushoto likafutika. Miwani nilikuwa sijaanza kuvaa. Yule wa harusini na mimi niliyekaa mbele ya kompyuta saa tatu usiku, uchovu wa siku nzima usoni, mtu angeweza kutudhania ndugu tu. Kitambulisho nilikionyesha. Kazi yenyewe, unukuzi (kuyaandika yanayosikika) wa saa arubaini za mahojiano, haikunifikia. Siku mbili baadaye niliandikiwa kwamba amepatikana mtu mwingine.

Sikumlaumu, na simlaumu hadi leo. Alikuwa karibu kumkabidhi mtu asiyemjua sauti za wagonjwa waliozungumza kwa kuahidiwa siri, na kitu cha kwanza alichokiona kwangu hakikulingana na cha pili.

Tangu siku hiyo nimepiga upya picha yangu mara nne, na nimewasaidia vijana wengi wa hapa mjini kupiga zao: wafasiri, wanukuzi, wachoraji wa nembo, waingizaji data. Yafuatayo ndiyo ninayowaelekeza. Unahitaji simu ya kawaida, mtu wa kuishika, na alasiri moja.

Kwanza, jua picha inafanya kazi gani

Mwaka 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu nyuso za wasiowajua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Muda huo uliwatosha kuamua kama mwenye uso ni wa kuaminika. Walipopewa muda mrefu zaidi, uamuzi haukugeuka sana. Kilichoongezeka ni uhakika wao juu yake. Hilo halimaanishi kwamba waliamua kwa usahihi. Maana yake ni kwamba mteja anayepitisha kidole kwenye orodha ya wanukuzi ishirini ameshakupima kabla hajasoma jina lako.

Kwa sababu hiyo watu hukimbilia kutafuta uso wa kuvutia, wakasahau kwamba mteja wa kazi huria haishii kwenye picha. Atataka mzungumze kwa video. Jukwaa nalo, yaani tovuti mnakokutania, laweza kukuomba kitambulisho pamoja na selfi ya papo hapo. Picha ya wasifu ni ya kwanza kati ya nyuso tatu zitakazowekwa bega kwa bega. Kila anayenijia namwuliza swali moja: mteja akitoka kwenye picha hii akaja kukuona kwenye video, atasita?

Hatua ya 1: Soma masharti ya jukwaa

Hii haina mengi. Upwork, jukwaa la kazi huria, wanataka picha halisi yako wewe, uso unaonekana vizuri, hakuna mtu mwingine, na isiwe nembo ya biashara. LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi, wanakuruhusu kukaa bila picha, na ukiiweka wanakuruhusu kuchagua nani aione: watu wako tu au kila mtu. Soma ukurasa wa masharti wa pale unapofanyia kazi, tena usome leo, kwa kuwa masharti hubadilishwa. Nimeona kijana akipiga picha nzuri sana na mdogo wake begani, ikakataliwa, na alasiri yote ikapotea.

Hatua ya 2: Tafuta mwanga

Hapa sikukimbizi, kwa sababu nusu ya picha mbaya ninazoletewa hazina kosa lolote isipokuwa mwanga, na mwenye picha hudhani kosa ni uso wake. Akishadhani hivyo, ndipo anapoanza kutafuta filta.

Lamu iko takriban digrii mbili kusini mwa ikweta. Mchana jua liko juu ya kichwa, na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linapita karibu utosini kabisa. Jua la namna hiyo linaweka kivuli kwenye matundu ya macho na chini ya pua, na mtu mpole anatoka kama aliyekasirika. Kwa hiyo usipige kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ila uwe ndani ya kivuli.

Mji wetu umeelekea mashariki, Manda iko mbele. Asubuhi jua linakuja moja kwa moja usoni ukisimama barabara ya pwani, na utakunja macho. Alasiri ni kinyume: kuanzia saa tisa na nusu hivi, majumba ya mbele yanaitia ile barabara kivulini, huku mbingu iliyo wazi juu ya maji inabaki na mwanga mpana, laini. Uelekee baharini, mpigaji awe ameipa bahari mgongo, na uso wako utaenea mwanga bila kivuli kikali. Huo ndio mwanga ambao studio hununulia vifaa vya bei. Shida yake ni upepo, hasa wakati wa kusi, mtandio hautulii. Basi rudi ndani.

Nyumba ya kale ya Lamu ina kiwanda, yaani ule uwa wa ndani ulio wazi juu, usije ukawaza mitambo. Usisimame katikati ya kiwanda, mwanga utakushukia kichwani. Kaa ndani ya msana, ule ukumbi mrefu unaopakana na kiwanda, hatua mbili tatu kutoka ukingoni, uelekee kiwandani. Mwanga unaingia kutoka mbele yako, umeshapoa kwa kugonga kuta. Kama nyumba yenu haina kiwanda, dirisha lolote kubwa au mlango wa daka ulio wazi unatosha. Wewe uelekee nje.

Halafu kuna kuta zetu nyeupe za chokaa. Karibu kila mtu hupenda kuegemea ukuta mweupe, akiamini ni safi. Simu inapouona weupe mwingi hudhani picha nzima ina mwanga kupita kiasi, ikaupunguza, na uso mweusi au wa maji ya kunde ukazama kizani. Ukuta mweupe uwe mbele yako, usiwe nyuma yako. Ukisimama kivulini, ukatazamana na ukuta mweupe unaopigwa na jua upande wa pili wa kichochoro, ukuta ule unakurudishia mwanga usoni kama taa. Nyuma yako pawe na kitu chenye rangi iliyotulia: mlango wa mbao, boriti, ukuta wa mawe uliochakaa kidogo. Mimi hupenda mlango.

Na uguse uso wako kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Mguso huo unaiambia kamera ipime mwanga wa uso, iachane na kanzu na ukuta. Ikibaki giza, kuna kijialama cha jua kando; kivute juu polepole mpaka ngozi ionekane rangi yake.

Rangi yake, nasema, na nasisitiza. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi ya rejea yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi zilizoitwa Shirley, na ngozi nyeusi zikawa zinatoka majivu au giza tupu. Ilichukua muda mrefu mno kwa watengenezaji kulishughulikia jambo hili wazi. Google, kwa mfano, walitangaza Real Tone, mfumo wa kamera wa kuzipiga ngozi nyeusi kwa rangi yake, kwenye simu zao mwaka 2021. Simu nyingi tunazoshika sisi bado zina hali ya urembo iliyowashwa tangu dukani, nayo hung'arisha ngozi na kulainisha mashavu bila kukuuliza. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uizime. Wengine hawakujua ipo. Binti mmoja niliyemzimia alijitazama kimya kwa muda, kisha akasema, "Khala, mbona nafanana na mama." Nikamwambia ndiyo, unafanana naye.

Hatua ya 3: Vaa utakachovaa kwenye simu ya video

Kijana wa Mkomani aliniletea picha amevaa suti ya kuazima, mabega yameshuka mpaka karibu na viwiko. Nikamwuliza huwa anavaa nini akizungumza na wateja. Kofia na shati. Tukapiga upya, kofia yake ya vito kichwani na shati ya bluu iliyopigwa pasi, na mara ya kwanza macho yake yakatulia.

Kanzu ni vazi la heshima na hakuna mteja wa maana atakayelikataa, ila weupe wake unaleta shida ileile ya ukuta mweupe, hivyo gusa uso kwenye kioo. Hijabu ya rangi moja inakaa vizuri zaidi kuliko yenye maua madogomadogo, kwa kuwa kwenye duara dogo la picha ya wasifu maua yanageuka vumbi. Kama unavaa miwani kila siku, ivae, na uinamishe kichwa kidogo mpaka mwako wa dirisha utoke kwenye kioo chake. Futa jasho. Unyevu wetu huu unaufanya uso ung'ae kama uliopakwa mafuta, na leso tu inatosha.

Vyombo vya kuazima viache. Kompyuta ya rafiki, dawati la hoteli ambayo hufanyi kazi, kabati la vitabu vya mtu: mteja anavisoma kama maelezo juu yako. Jahazi na mchanga wa Shela navyo vinafaa kwa picha ya kupelekea ndugu. Kwenye duara lisilozidi sarafu ya shilingi kumi, jahazi ni doa tu karibu na sikio.

Hatua ya 4: Piga kutoka mbali, piga nyingi

Futa lenzi kwanza. Chumvi ya bahari na alama za vidole huweka ukungu mwepesi ambao huuoni mpaka umeshaondoka.

Usipige selfi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikokotoa kwamba picha inayopigwa kutoka sentimita 30 hivi, urefu wa mkono uliokunjwa, inaifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko inayopigwa kutoka mita moja na nusu. Watu wamechukia pua zao bure. Tumia kamera ya nyuma, mpe mtu simu, asimame hatua mbili kutoka kwako, simu iwe usawa wa macho. Akiwa mbali ukaonekana mdogo, avute kidogo kwa lenzi, asikusogelee. Huna mtu? Isimamishe simu kwenye kidaka cha ukutani au juu ya baraza la daka, weka taima ya sekunde kumi.

Mpigaji awe mtu unayeongea naye. Mwambie akuulize habari za kazi, za safari ya Mokowe, za chochote, apige wakati unamjibu. Tabasamu linalokuja katikati ya neno haliigizwi. Picha ya pasipoti inakukataza kucheka. Hii haikukatazi, na kama wewe ni mtu wa kucheka basi picha isiyocheka si yako. Asiyependa kuonyesha meno asilazimishwe.

Pigeni thelathini au arubaini. Bado zitabaki sita au saba.

Jambo moja la adabu ambalo ni sheria pia. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na Usita wa Mui, njia kuu ya mjini, haukosi watu. Mama wa mtu akipita nyuma yako, au watoto wa madrasa, picha hiyo ifute hapohapo, au umwombe mwenyewe ruhusa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutundika picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hata kama isingekuwapo sheria, wanawake wa mji huu wamechoka kupigwa picha na wapitanjia, na sisi wenyewe tusiwafanyie vivyo hivyo.

Hatua ya 5: Mwingine achague

Hapa ndipo nilipokosea mimi na ndipo wengi hukosea. Tunachagua wenyewe.

Sisi hatuujui uso wetu vizuri kama tunavyodhani. Tunaouona kila siku ni wa kwenye kioo, umegeuzwa, kulia kumekuwa kushoto. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwapa watu picha zao za aina mbili, iliyogeuzwa na isiyogeuzwa. Wenyewe wakapendelea iliyogeuzwa, rafiki zao wakapendelea ya kawaida. Ndiyo maana picha ya kamera ya nyuma inakuudhi kidogo huku dada yako anaiona sawa kabisa. Yeye ndiye aliyezoea uso wako wa kweli.

Lakini dada naye si mwamuzi bora. Anakupenda, na anazo sura zako za miaka ishirini kichwani. Nchini Australia, David White na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales walifanya jaribio linalotugusa sisi hasa. Waliwaambia watu wapange picha zao wenyewe kwa kufuata ipi inafanana nao zaidi. Kisha wakawapa kazi ileile watu wasiowajua kabisa, waliokuwa wameona video fupi tu ya mwenye picha. Baadaye watu wengine wakajaribu kulinganisha picha hizo na mwenyewe. Picha zilizochaguliwa na wageni ziliwasaidia zaidi kumtambua mtu kuliko zile alizojichagulia. Mgeni aliyekutazama kwa dakika moja anajua unavyoonekana kuliko wewe uliyeishi na uso huo maisha yote.

Basi nimelichukua jaribio lile nikalifanya la nyumbani, hivi:

Jirekodi video ya dakika moja, umekaa pale unapozungumzia na wateja, mwanga uleule, vazi lilelile. Jitambulishe na ueleze kazi yako, usiigize.

Toa picha sita au saba kati ya zile arubaini. Changanya: zile unazopenda na mbili ambazo huzipendi lakini hazina kasoro ya mwanga.

Tafuta watu watatu wasiokufahamu. Mimi huwatumia wateja wa dukani kwa kaka yangu, wanaosubiri chenji. Wewe waweza kumtumia binamu wa Malindi apelekee wenzake wa kazini, mradi unawaamini. Waonyeshe video kwanza, mara moja, kisha picha zote pamoja. Usiulize "ipi nzuri?" Ukiuliza hivyo watakuchagulia ya Idi. Uliza, "Ipi ndiyo yule uliyemwona sasa hivi?"

Wawili wakiangukia picha moja, hiyo ndiyo. Ikiwa ni ile usiyoipenda, ilale usiku mmoja kwenye simu yako kabla hujaikataa. Mara mbili kati ya nne mimi nilichaguliwa picha ambayo nisingeichagua, na zote mbili wateja wapya walinitambua mara nilipofungua kamera. Mmoja alianza kuniongelesha kabla sijasalimu.

Hatua ya 6: Kurekebisha kuna mpaka

Kanuni ninayoitumia ni ya wiki moja. Kitakachokuwa kimeondoka usoni mwangu wiki ijayo, kama kipele cha jana au alama ya mto, naweza kukiondoa. Nitakachokwenda nacho kwenye simu ya video kinabaki: kovu, mvi, doa la kuzaliwa, pengo, mifuko ya macho. Kukata picha iwe mraba, kuinyoosha, kuongeza mwanga kidogo, hayo hayana neno. Kung'arisha ngozi, kupunguza pua, kutanua macho, hapana.

Ukienda studio, mwambie fundi mapema, kabla hujalipa, kwamba asikusafishe uso. Atashangaa, kwa kuwa wengi humwomba kinyume chake, na mkono wake umezoea.

Programu za akili mnemba zinazochukua selfi zako kumi na kukutolea picha umevaa koti ofisini ni jambo jingine. Ile si picha yako iliyorekebishwa. Ni uso uliotungwa kutokana na wako, na mara nyingi unakupa taya isiyo yako na ngozi hatua mbili nyeupe zaidi. Huwezi kumwambia mteja uliipigwa wapi wala lini, kwa sababu hukupigwa. Mimi siwekei mtu picha hiyo, hata akiniomba.

Kwa anayefunika uso

Dada wengi wa hapa wanafanya kazi nzuri mtandaoni na wanavaa nikabu, na wananiuliza wafanyeje. Jawabu si kuweka uso wa mwingine, wala ua waridi mahali panapotakiwa uso, maana litaondolewa na akaunti itatiliwa shaka. Tazama kwanza kama jukwaa linalazimisha. Pale LinkedIn, acha nafasi wazi. Nafasi iliyo wazi haidanganyi, na sampuli za kazi zikiwa nzuri mteja atazisoma. Uthibitisho wa kitambulisho ni kitu tofauti na picha inayoonekana na kila mtu, na wapo wanaokubali ule wa kwanza bila huu wa pili. Hilo ni lako na dini yako na nyumba yako, sitakuamulia. Njia nyingine ni kufanya kazi kupitia kundi au kampuni ndogo ambayo mtu mwingine ndiye anayekutana na wateja, mradi mteja aambiwe wazi kwamba kazi inafanywa na timu. Na wapo wanaopata kazi kwa kujulishwa na wateja wa zamani tu. Inachukua muda mrefu zaidi, sitaficha, lakini hakuna anayelala akihofia simu ya video.

Uso wa kuazima

Hili ndilo linaloniuma, kwa hiyo nitalisema kwa kirefu kidogo.

Kuna vijana wanaoweka picha ya Mzungu. Wengine hununua au kukodi akaunti nzima kupitia makundi ya WhatsApp na Telegram, yenye jina na uso wa mtu wa nchi nyingine, wakafanya kazi nyuma yake. Sianzi kwa kuwatukana, kwa kuwa sababu yao ni ya kweli. Mwaka 2014 Benjamin Edelman na Michael Luca wa Harvard Business School walichunguza nyumba zinazokodishwa kwenye Airbnb mjini New York, ambako picha ya mwenye nyumba huonekana. Wenye nyumba wasio weusi walikuwa wakitoza takriban asilimia 12 zaidi ya weusi kwa nyumba zinazolingana. Ubaguzi wa picha upo, umepimwa, na kijana anayeandika maombi hamsini bila kujibiwa hahitaji kusomewa takwimu ili aujue.

Lakini fuata njia hiyo mpaka mwisho uone inakopeleka. Kazi ya kwanza inakuja. Unaifanya vizuri, unapewa nyota tano, na nyota hizo zinaandikwa kwa jina lisilo lako. Ya pili, ya tatu. Mteja akipendezwa anaomba mzungumze, nawe unatoa udhuru: kamera imeharibika, umeme umekatika. Kazi kubwa zinapita kwa sababu kazi kubwa hazitolewi bila kuonana. Siku jukwaa linapoomba uthibitisho wa selfi, akaunti inafungwa na pesa iliyokuwa inasubiri humo huna wa kumdai. Mwenye akaunti aliyekukodishia naye anaweza kubadili nywila usiku wa siku ya malipo. Nimekaa barazani na kijana aliyepatwa na hilo baada ya mwaka mzima. Alichonionyesha kuwa ni kazi yake yote kilikuwa na sura ya mtu mwingine, na alipokwenda kuanza upya kwa jina lake alikuwa hana hata nyota moja.

Mteja naye anaweza kukukamata kwa dakika mbili. Anaichukua picha, anaitia kwenye Google Lens au TinEye, zana za kutafuta picha mtandaoni, na inamletea tovuti ya picha za kuuzwa ilikotoka.

Ninachowashauri ni kutafuta kazi ambazo kuwa mtu wa hapa ni mtaji. Tafsiri ya Kiswahili, unukuzi wa sauti za pwani, kusoma matangazo, kuhakiki programu za simu kwa watumiaji wa Kiswahili, na kwa ndugu zetu wa Malindi, Kiitaliano chao walichojifunza ufukweni na hotelini, ambacho si wengi Afrika Mashariki wanacho. Mteja anayetafuta mambo hayo anataka mtu wa huku. Uso wa Mwamu, yaani mtu wa Lamu, mwenye kofia, au wa Mmalindi mwenye mtandio, kwake ni habari njema.

Hatua ya 7: Kuipandisha na kuitunza

Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga, picha isibebe ramani ya nyumba yenu. Ukimtumia mtu picha kwa WhatsApp, itume kama faili. Ikienda kama picha inabanwa na kupoteza ukali. Mraba wa pikseli 800 kwa 800 unatosha kokote. LinkedIn wanashauri 400 kwa 400. Uso ujaze zaidi ya nusu ya duara, juu ya kichwa paachwe nafasi ya vidole viwili.

Tumia picha ileile kila mahali unapojitangaza, ili mteja anayekutafuta huku na kule ajue amempata mtu mmoja. Ibadilishe ukibadilika: ukianza miwani, ukianza hijabu, ndevu zikija, nywele zikienda. Mimi hurudia video ile ya dakika moja kila mwaka baada ya Idi na kuiweka kando ya picha. Mara nyingine haibadiliki kitu na ninaiacha. Na mara moja moja itafute picha yako kwa Google Lens, uone kama kuna mtu amejivika uso wako. Ukikuta, ripoti kwa jukwaa husika, hifadhi picha za kioo cha simu (screenshot) kama ushahidi, na uwaarifu wateja wako wa sasa.

Kabla ya simu ya video ya usiku, na kwa wateja wa Marekani ni usiku karibu kila mara kwetu, usikae taa ikiwa nyuma yako. Sogeza taa ya mezani nyuma ya kompyuta, igonge ukuta mweupe ulio mbele yako kwanza, mwanga ukurudie usoni. Chokaa ileile inafanya kazi usiku pia. Kisha fungua wasifu wako kwenye simu, uiweke picha kando ya kamera, ujitazame mara moja kabla ya kubonyeza.